Kompyuta ya mtumba ikikataa kazi: dalili, sababu na matengenezo kwa wanaojitolea kukokotoa, Unguja na Pemba

Mashine ninazozizungumzia ni zile za ofisini zilizokwisha muda wake Ulaya au Dubai, zikaja kwa kontena na kuuzwa mjini bila ya dhamana: Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP EliteDesk 800 G1 na ndugu zao, zenye prosesa za Core i5 au i7 za kizazi cha tatu na cha nne na ramu ya DDR3. Ukiitia ramu ya gigabaiti 8, SSD ndogo na Linux, mashine kama hiyo inafanya mwaka mzima kazi za BOINC au Folding@home, programu zinazogawa hesabu za watafiti kwa kompyuta za watu wanaojitolea. Unaiachia prosesa ipige hesabu za watafiti. Einstein@Home inatafuta nyota za pulsa, Folding@home inaiga namna protini zinavyojikunja, na World Community Grid imekuwa ikisaidia utafiti wa saratani.

Mimi niliingizwa na malaria. MalariaControl.net, mradi wa watafiti wa Uswisi uliofungwa mwaka 2016, ulitumia kompyuta za watu majumbani kuiga namna ugonjwa unavyoenea na namna chandarua au chanjo ingeupunguza. Kwa mtu aliyekulia Unguja na kulala na homa ile utotoni, kuona prosesa ya mezani kwangu ikiihesabu ilikuwa sababu tosha. Tangu hapo nimeunga na kufungua mashine nyingi, zangu, za vijana wa mtaani na za skuli, na ubovu ni ule ule unaojirudia. Nimeupanga kwa dalili. Chini ya kila dalili inatangulia sababu inayotokea zaidi, na kipimo ambacho hakihitaji hata bisibisi.

Kabla ya kugusa chochote

Chomoa waya ukutani, usitosheke na kuzima kwa kitufe. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Shika chuma cha kasha kwanza ndipo ushike ramu au prosesa. Na sanduku la pawa saplai halifunguliwi na mtu asiyesomea kazi hiyo: ndani mna kapasita zinazoweza kubaki na volti zipatazo 325 hata baada ya kuchomoa. Likiharibika linatolewa zima, linatiwa jengine.

Haiwaki kabisa

Anza nje ya kasha. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ile ile na ekstensheni ile ile. Nimeletewa si mara moja wala mbili kompyuta "iliyokufa", kumbe kilichokufa ni ekstensheni au fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya miguu mitatu. Waya wa umeme wa kompyuta nao hulegea pale unapoingia nyuma, hasa uliotumika miaka kumi. Azima mwengine ujaribu.

Kisha tazama nyuma ya pawa saplai. Ikiwa kuna swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230, hakikisha iko 230. Hili ufanye kabla ya kuchomeka kwa mara ya kwanza, maana mashine iliyotoka Marekani ikiwa imewekwa 115 ukaichomeka kwenye umeme wetu, pawa saplai inapasuka papo hapo kwa kishindo na moshi.

Ikiwa umeme unafika na bado kimya, fungua kasha. Chomoa diski, kadi na ramu zote isipokuwa moja, ujaribu kuwasha. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosa. Isipowaka, anayeshukiwa sasa ni pawa saplai, na njia ya uhakika ni kuazima nyengine ya aina ile ile. Nasema ya aina ile ile kwa sababu OptiPlex 9020 ina plagi ya pini 8 ya kuingia kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, na EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida ya pini 24 haiingii bila ya kebo ya kugeuzia. Watu wananunua kwanza, wanagundua nyumbani.

Kuna sababu nyengine ambayo vitabu vya nje haviitaji. Wete niliwahi kuletewa OptiPlex iliyozima usiku kwa mlio mmoja mdogo. Nilimulika tochi ya simu kwenye matundu ya feni ya pawa saplai: mkia, kisha mgongo uliokauka kama karatasi ya kaki, na miguu miwili imegandana na bodi. Mjusi alifuata joto. Sanduku lile sikulifungua, nilitia jengine, na yale matundu marefu ya nyuma yaliyokosa kadi nikayaziba kwa vibati vyake. Mashine za mtumba huja na vibati vimeng'olewa, na huo ndio mlango wa mijusi na sisimizi. Usizibe kwa gundi au kitambaa, hewa inahitaji kupita palipokusudiwa.

Simama hapo hapo na umwite fundi umeme ikiwa: unasikia harufu ya kuungua, sakiti breka inaanguka kila ukichomeka, soketi ina moto au weusi, au ukigusa kasha unahisi kutetema kwenye vidole. Kutetema huko mara nyingi ni dalili kwamba nyumba haina waya wa ethi au umekatika, na nyumba kongwe za Mji Mkongwe zinajulikana kwa hilo. Si kasoro ya kompyuta na huwezi kuitibu kwenye kompyuta.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Sababu ya kwanza ni waya wa skrini kuchomekwa pasipo. Ukiwa na kadi ya picha, skrini inachomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi.

Ya pili ni ramu, na kwetu chanzo chake mara nyingi ni hewa ya bahari. Chumvi na unyevu hula mguso wa ramu taratibu, hata kwenye nyumba ambayo huioni pwani kutoka dirishani. Toa ramu, ishike pembeni, tazama meno ya dhahabu kwenye mwanga. Yakiwa na wingu au madoa, yasugue kwa raba nyeupe ya mwanafunzi, kwa mwendo mmoja, kutoka ndani kwenda nje, kisha pangusa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu chenye spiriti safi kidogo. Rudisha kwa kubonyeza pande zote mbili mpaka vibano vilie. Msasa hapana. Nimeona ramu iliyosuguliwa kwa msasa ikabaki shaba tupu, na shaba tupu kwa hewa yetu haimalizi mwezi.

Ya tatu ni ramu isiyo ya jinsi yake. Ramu za seva za DDR3 zinauzwa rahisi kwa sababu zimejaa, zinaingia kwenye nafasi ile ile bila ya shida, na mashine ya kawaida ya mezani haiwaki nazo. Kwenye karatasi ya ramu tafuta herufi R baada ya namba za kasi, mfano PC3-12800R. Ukiiona, mrudishie muuzaji.

Baada ya hapo toa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika chache, waya ukiwa umechomolewa, urudishe. Hiyo inafuta mipangilio ya mwenye mashine wa zamani. Ikishindikana bado, na ulikuwa umebadilisha prosesa, huenda pini za soketi yake zimepinda. Pini hizo ni nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Usizinyooshe kwa sindano ya kushonea. Tafuta fundi mwenye hadubini, au hesabu bei ya mazabodi nyengine.

Inazima yenyewe kazi zikianza

Hii ndiyo inayokatisha tamaa zaidi, kwa sababu mashine inaperuzi, inacheza video, inaandika barua, kila kitu kizuri. Ukiiwashia BOINC, baada ya dakika kumi imelala.

"Ami, nimeshabadilisha Windows mara mbili," kijana wa Jang'ombe aliniambia, kasha amelipakata mapajani.

"Windows haina kosa. Feni ya prosesa umeitazama?"

"Sijaifungua hata siku moja."

Tuliifungua kibarazani. Baina ya feni na hitisinki, chuma cha kuipozea prosesa, mlikuwa na blanketi la vumbi la kijivu, nene kama sponji ya kuoshea vyombo, limeshikana kwa unyevu. Feni ilikuwa inazunguka vizuri na hewa haipiti hata chembe.

Kazi za ofisini zinaitumia prosesa kwa vipindi. Ukokotoaji unaitumia kwa nguvu zote, saa baada ya saa. Mashine iliyoridhisha ofisi ya London yenye hewa ya nyuzi 20 sasa iko chumbani Mwanakwerekwe mwezi wa Februari, kaskazi, na hewa inayoingia ndani ya kasha ina nyuzi 32 au zaidi. Kwa hivyo joto ndilo la kwanza kupimwa. Kwenye Linux weka lm-sensors uandike amri ya sensors; kwenye Windows tumia HWiNFO au Core Temp. Anzisha kazi, tazama kwa nusu saa. Chini ya nyuzi 80 niko radhi. Kuanzia 90 nazima. Prosesa za kizazi cha nne hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, kisha mashine hujizima kujiokoa.

Matengenezo yanakwenda kwa ngazi. Kwanza vumbi: lipulize kwa blowa nje ya nyumba, ukiishika feni kwa kidole isizunguke, kwani feni inayozungushwa kwa upepo inaweza kuharibika. Pili pesti, ile inayopitisha joto baina ya prosesa na hitisinki: ikiwa haijabadilishwa tangu kiwandani imekauka kama chokaa. Ifute yote kwa spiriti, tia mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, rudisha hitisinki. Zile zenye miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, kagua upande wa chini wa mazabodi kwamba yote minne imetokeza. Mmoja ukiwa nje, joto linaruka mpaka 95 ndani ya sekunde chache, na hiyo ndiyo alama yake. Tatu mahali: isogeze mashine kutoka kwenye kabati na kutoka ukutani, angalau upana wa kiganja kila upande wenye matundu.

Ngazi ya nne ni kupunguza mzigo, na hapa nina msimamo. BOINC inakupa mipangilio miwili inayofanana: kupunguza idadi ya viini vya prosesa, na kupunguza asilimia ya muda wa prosesa. Chagua wa kwanza. Ukitumia viini vitatu kati ya vinne, joto linashuka na kubaki palepale. Ule wa pili unaisimamisha na kuianzisha kazi kila baada ya muda mfupi, joto linapanda na kushuka mchana kutwa. Kuzima turbo, ile kasi ya ziada ya prosesa, ndani ya bayosi (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka) nako kunasaidia sana miezi ya joto, na kasi unayopoteza ni ndogo kuliko unavyofikiri.

Je, ikiwa inazima na joto liko 60 tu? Hapo geukia umeme. Mashine ya joto huanza kwa kupungua kasi, kisha huzima, na hukataa kukaa hewani mpaka ipoe. Mashine ya pawa saplai hukatika ghafla kama iliyochomolewa, au hujiwasha upya yenyewe. Pawa saplai za ofisini ni wati 255 au 290, zinatosha prosesa, hazitoshi kadi kubwa ya picha. Ingia kwenye bayosi usome laini ya volti 12 ikiwa inaonyeshwa: iwe baina ya 11.4 na 12.6. Ikiwa nje ya hapo, badilisha sanduku.

UPS ya mtumba, lile sanduku la umeme wa akiba, nayo hudanganya. Betri ya ndani, kwa kawaida ya volti 12, huchoka baada ya miaka michache, na hapo UPS inakuwa ekstensheni nzito tu: umeme ukiyumba kidogo, mashine inaanguka. Ijaribu kwa taa, si kwa kompyuta. Washa taa kwenye UPS, chomoa UPS ukutani, hesabu dakika. Betri iliyovimba isiguswe wala kutobolewa.

Na usiiwashe mashine umeme unaporudi tu. Dakika za mwanzo volti hupanda na kushuka. Kwenye bayosi mna mpangilio wa kuiwasha mashine yenyewe umeme ukirudi. Mimi nauacha umezimwa mpaka mtu awe na kilinda friji kinachochelewesha umeme kwa dakika kadhaa.

Kazi zinarudi na makosa

Hapa naomba usiharakishe.

Mashine iliyozima inamuumiza mwenyewe tu. Mashine inayowaka, inayochapa kazi usiku kucha na kurudisha majibu yasiyo sahihi, inawaumiza wengine. Miradi mingi ya BOINC hutuma kazi moja kwa kompyuta mbili tofauti na kulinganisha majibu. Yakitofautiana, kompyuta ya tatu inaitwa kuamua. Kwa hivyo kosa lako limekula muda wa watu wawili usiowajua, mmoja huenda yuko Brazil na mwengine Japani. Na kuna miradi ambayo kompyuta ikishaaminiwa hupewa kazi bila ya mwenza, ikaguliwe mara moja moja. Ramu ikianza kuharibika baada ya kuaminiwa, jibu la uongo linaweza kupita. Afadhali Core i3 inayosema kweli kuliko i7 inayobahatisha.

Kipimo cha kwanza ni cha kusoma tu. Ingia kwenye ukurasa wako wa mradi, fungua kazi iliyoshindwa, tazama wenza wako wamepata nini. Wote wakishindwa, furushi la kazi lenyewe ni bovu na mashine yako haina kosa. Ukishindwa wewe peke yako, endelea kusoma.

Kipimo cha pili ni muda. Kazi inayoanguka ndani ya sekunde chache, kila mara, na ya mradi mmoja tu, huo ni ubovu wa programu: faili halikushuka zima, antivairasi imelizuia, diski imejaa, au mradi unahitaji VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), na hujaiweka au hujawasha uwezo wake ndani ya bayosi. Uondoe mradi, uuongeze upya, sasisha mfumo. Kazi inayoanguka baada ya saa tatu leo na saa moja kesho, katika miradi tofauti, huo ni ubovu wa chuma.

Ukiona kwenye ripoti alama ya signal 11 kwa Linux, au 0xC0000005 kwa Windows, maana yake programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Mara moja kwa mwezi nisingejali. Ikijirudia, fuata mpango huu: joto kwanza, kama hapo juu, kisha ramu, kisha diski, kisha pawa saplai, na mwisho prosesa, ambayo huharibika kwa nadra sana.

Ramu inapimwa kwa Memtest86+. Iandike kwenye flashi, anza mashine kutoka kwenye flashi, iache usiku mzima. Mzunguko mmoja mzima ni kiwango cha chini kabisa. Na kosa moja ni makosa: hakuna idadi ya "kidogo" inayokubalika, kwa sababu ukokotoaji unapita kwenye anwani ile ile mara nyingi kwa siku.

Mashine moja ya skuli ilinishughulisha wiki nzima. Kazi za Einstein@Home zilikuwa zinakwisha vizuri, halafu moja kati ya nyingi inakataliwa wakati wa kulinganisha. Joto zuri, diski nzuri. Niliiwekea Memtest86+ baada ya isha. Saa nne hakuna kitu, saa sita hakuna kitu. Nilipoamka saa tisa usiku kulikuwa na mstari mmoja mwekundu chini ya skrini. Mmoja tu. Nilizitoa ramu mbili zile za gigabaiti 4, nikaipima kila moja peke yake, kwenye kila nafasi. Moja ilikosea popote nilipoiweka. Chini ya taa, kwenye jino la tatu kutoka pembeni, palikuwa na kidoa cha kijani kama kutu ya sinia la shaba lililosahauliwa stoo. Raba, spiriti, usiku mwengine wa kupima, usiku wa pili. Sifuri. Ile skuli iko mita chache kutoka ufukweni na madirisha yake ni ya nondo tu, bila ya vioo.

Ingekuwa bado inakosea, ningeitoa. Na ramu iliyothibitika kuwa mbovu usiirudishe kwenye mzunguko wa mtumba. Ikwaruze kwa msumari na uandike "mbovu" kwa kalamu isiyofutika, kwani anayeinunua kwa bei ya chini ni kijana kama wewe.

Ramu ikiwa safi, tumia Prime95 kuipima prosesa na umeme wake kwa pamoja. Ni programu ya GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa ulioanza mwaka 1996, na inajua jibu sahihi la hesabu zake. Ikisimamisha kiini kimoja kwa sababu ya kosa la ukadiriaji, mashine yako haiko imara hata kama inaonekana nzima. Saa chache zinatosha, ukiwa karibu na ukitazama joto, maana inachemsha kuliko kazi za kawaida.

Diski ni rahisi: amri ya smartctl kwenye Linux au CrystalDiskInfo kwenye Windows. Idadi ya sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika, ikipanda wiki hadi wiki, hamisha vyako leo. Kukatika umeme kwa ghafla huharibu mafaili hata kwenye diski nzima, kwa hivyo ukikuta makosa baada ya umeme kukatika, kagua mfumo wa mafaili kwa fsck kabla ya kulaumu chuma.

Mpaka ukweli ujulikane, zuia mradi usikupe kazi mpya. Ni kitufe kimoja. Heshimu kazi za watu.

Imeunganishwa lakini haipati kazi

Fungua daftari la matukio la BOINC kwa Ctrl+Shift+E. Usibahatishe, sababu imeandikwa humo.

Sababu ninayokutana nayo zaidi kwenye mtumba ni saa. Betri ya CR2032 imekufa, kila umeme ukikatika mashine inaamka ikidhani ni Januari ya mwaka iliyotengenezwa. Vyeti vya usalama vya seva vinaonekana kama bado havijaanza kutumika, na mawasiliano yanakataliwa. Utaona pia tovuti nyingi hazifunguki. Nunua betri mpya, volti 3, kisha rekebisha tarehe. Watu wamefomati diski kwa tatizo la betri ndogo ya saa.

Nyengine ni ramu kidogo. BOINC kwa kawaida inatumia nusu ya ramu ukiwa kwenye kompyuta na asilimia 90 ukiwa haupo. Ukiwa na gigabaiti 4 na viini vinne, kazi kubwa za Rosetta@home, mradi mwengine wa protini, zitakaa zikisubiri kumbukumbu. Punguza viini au ongeza ramu. Na mara nyengine mradi wenyewe hauna kazi, au umekwisha: SETI@home, mradi wa kutafuta viumbe wa anga za mbali uliowaingiza wengi wa zamani, uliacha kugawa kazi Machi 31, 2020. Jiunge na miradi miwili ili mmoja ukikauka, mwengine uendelee.

Kazi zinapitwa na muda, bando linayeyuka

Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kebo mpya ya baharini ya megawati 100 iliingia kazini mwaka 2013 na giza la miezi limeondoka, lakini kukatika kwa saa kadhaa bado kupo, na kazi za BOINC zina tarehe ya mwisho. Kosa la wengi ni kuweka akiba kubwa, kazi za siku kumi, "umeme usije ukakatika." Inakuwa kinyume chake. Mashine inabeba mzigo usioweza kumalizika, na zile kazi zinatumwa upya kwa wengine zikiwa zimechelewa. Weka akiba ya nusu siku.

Kazi hujihifadhi njiani, kwa kawaida si zaidi ya mara moja kwa dakika, ila si kila programu hujihifadhi upesi hivyo. Kabla ya kuzima tazama maelezo ya kazi, lini imejihifadhi mara ya mwisho.

Kwa bando, weka kikomo cha megabaiti kwa siku kwenye mipangilio ya mtandao, na saa za kushusha ziwe zile za bando lako la usiku. Epuka LHC@home, mradi wa fizikia, ikiwa unatumia data ya simu. Mashine pepe zake ni nzito.

Kadi ya picha ya mtumba

Kwa ufupi: nafasi ya kadi inatoa wati 75, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kadi yenye plagi ya pini 8 haina kazi kwenye sanduku la wati 255. Usiunganishe plagi za kugeuzia kutoka kwenye waya za diski. Zile waya huyeyuka. Kadi zilizochimbia sarafu za kidijitali huja na feni zilizochoka, na feni hubadilika. Picha ikiwa na madoa ya rangi tangu kwenye bayosi, usiinunue.

Uniti zinakwisha haraka

Kipimo kiko kwenye mita yako. Zima kila kitu nyumbani, friji pia, iache kompyuta peke yake ikifanya kazi. Mita huwa na taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mfano 1000. Hesabu kwa robo saa. Mipepeso 20 kwa robo saa ni 80 kwa saa, yaani wati 80, karibu uniti mbili kwa siku, kiasi cha uniti 58 kwa mwezi.

Ukipata wati 120 kwa mashine isiyo na kadi ya picha, kuna kitu: skrini haizimi, au ni mashine kongwe ya Core 2, ambayo hata bure sikushauri kuikokotolea. Ukipata 80 na bado ni nyingi kwa nyumba, kokotoa usiku tu, saa nane. Mipangilio ya BOINC inaruhusu kuchagua saa.

Uniti hizo mara nyingi hununuliwa na mama au na skuli, si na sisi. Mwoneshe ile hesabu ya mipepeso kabla ya kuiacha mashine iwake usiku. Mwalimu mkuu mmoja wa Chake Chake alihesabu pamoja nami, saa mkononi, akasema tuendelee mpaka Ramadhani, kisha tupige hesabu upya.